Mapambo ya Ndani ya Nyumba za Uswidi

Mapambo ya ndani ya nyumba za Uswidi ni mtindo wa kupanga makazi unaojulikana kwa utulivu wake, yaani kuta nyeupe au za rangi hafifu, sakafu za mbao za msonobari, samani chache zenye umbo jepesi na madirisha yasiyozibwa kwa mapazia mazito. Sababu mojawapo kubwa ni uhaba wa mwanga, kwa kuwa mjini Stockholm mchana wa Desemba hudumu takriban saa sita tu, hivyo kila kinachoakisi nuru huthaminiwa, na taa ndogo kadhaa hutawanywa chumbani badala ya kutegemea moja ya darini. Waswidi huuhusisha mtindo huu na lagom, neno lao lenye maana ya kiasi kinachotosha, kisichopungua wala kuzidi.

Hata hivyo, ni kosa kudhani kwamba utulivu huo ni ukosefu wa rangi: nyumba ya Lilla Hyttnäs kijijini Sundborn, ambayo mchoraji Carl Larsson aliionyesha katika kitabu Ett hem cha mwaka 1899, ina mbao zilizopakwa nyekundu na kijani pamoja na vitambaa vilivyofumwa na mkewe Karin, msanii ambaye mchango wake, kwa masikitiko, ulichelewa kutambuliwa. Mwaka huohuo mwandishi Ellen Key alitetea katika Skönhet för alla kwamba uzuri wa nyumbani ni wa watu wote, wazo ambalo Maonyesho ya Stockholm ya mwaka 1930 yaliliunganisha na uzalishaji wa viwandani.