Mombasa Baina ya Lamu na Unguja: Masafa Sawa, Safari Mbalimbali

Atakayekamata ramani na kupima mstari mnyofu kutoka kiwanja cha ndege cha Mombasa hadi kile cha Manda, kinachowahudumia watu wa Lamu, ataona kuwa ni masafa ya kilomita 245 hivi. Na akiugeuzia uzi wake kusini, hadi kiwanja cha Unguja, atakuta karibu kilomita hizo hizo. Ndege ya rafadha huyakata masafa hayo, upande wowote ule, kwa kiasi cha robo tatu za saa, ivume kaskazi au ivume kusi.

Wazee wa Mji wa Kale hawakuwa na usawa huo katika hisabu zao. Musimu wa kaskazi, uingiao mwishoni mwa mwaka na kukoma kiasi cha mwezi wa Machi, jahazi iliyong'oa nanga Bandari ya Kale ilishika njia ya Unguja tanga limejaa, ikafika kwa siku moja au mbili. Ilhali nahodha aliyekusudia Lamu hana budi kwenda joshi, akibisha huku na huku, jicho lake likiwa juu ya mawingu na rangi ya maji penye miamba, au angoje bandarini hadi kusi iingie, nayo ikishaingia mambo hupinduka, Lamu ikawa ndiyo ya karibu na Unguja ndiyo ya mbali.

Mageuzi yalikuja miaka ya 1930, pale Wilson Airways, kampuni iliyoasisiwa Nairobi mwaka 1929 na Bibi Florence Kerr Wilson, ilipoiunganisha Mombasa na miji ya mwambao kwa ndege. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili kikajengwa kiwanja cha Port Reitz, ng'ambo ya Makupa, ambacho mwaka 1979 kilipandishwa daraja kuwa cha kimataifa. Nayo East African Airways, iliyoanza kuruka Januari 1946 na kuvunjika mwaka 1977, ilianza na Dragon Rapide, ndege za mbao na kitambaa zenye mabawa ya tabaka mbili, ambazo kwa mwendo wa kilomita 210 kwa saa ziliyafanya masafa ya siku kuwa ya saa moja na kitu.

Walakini, upepo ulipoacha kuitenga miji hii, mpaka ulishika mahala pake. Mombasa na Lamu, ijapokuwa Waingereza ndio waliotawala, zilihesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Unguja hadi uhuru wa Kenya, tarehe 12 Disemba 1963. Na leo aendaye Unguja hutoa pasi ikapigwa muhuri, hali aendaye Lamu haulizwi pasi, ila akishuka Manda huingia mashuani avushwe mkondo hadi mjini, maana bahari haijamwachilia kabisa.

Udugu wa miji hii mitatu haukujengwa na ndege. Ulijengwa na watu walioijua bahari. Basi vijana wa Kibokoni, Kuze na Mkanyageni, mitaa ya Mombasa, na wakae na manahodha waliosalia, waandike majina ya pepo, nyota na miamba kama wayatajavyo wao wenyewe, kwani ilimu hiyo ni amana, na wenye kuichukua wanazidi kupungua.