Nyumba ya Kamina: nani analala ndani, nani anaamua?



Katika mkutano wetu uliopita mzee mmoja aliinua mkono akauliza: "Leo hata masoni anaandikiwa karatasi? Sisi zamani tulijenga bila karatasi." Watu walicheka, na sisi tulimjibu haraka haraka. Hatukumjibu vizuri. Swali lake ni swali la historia, na linastahili jibu la historia. Lakini kwanza lazima tueleze kilichotuleta kwenye hiyo karatasi.

Mwaka uliopita, mwisho wa mwezi wa tisa, tulipeleka masoni kwenye nyumba ya mama mmoja, mwanachama wetu, anayeishi na wajukuu wanne. Nyumba ni ya matofali mabichi, na manjanja yake ya zamani yalikuwa yametoboka. Tulipatana na masoni kwa mdomo. Tulimpa nusu ya pesa kama avansi. Alivua manjanja yote kwa siku moja, akapima, akasema mbao zitafika Jumatatu. Mama alihamia jikoni pamoja na watoto, masufuria na magodoro. Jumatatu ikapita. Ya pili ikapita. Masoni alikuwa kwenye shantie nyingine, simu haipiti. Mvua ya kwanza kubwa ilikuta nyumba iko wazi, na ukuta wa chumba cha kulala ukayeyuka, ukaanguka. Ilikuwa mchana, hakuna aliyeumia.

Tulipofika na shitingi, mama hakutugombeza. Alisema tu: "Batoto yangu, nyumba njo yangu, lakini masoni njo wenu."

Tangu siku ile tumekuwa tunarudi kwenye maneno hayo. Tukiangalia nyuma, tunaona kwamba katika mji wetu, kwa karibu miaka mia moja, anayelala ndani ya nyumba si yeye anayeamua juu ya kuitengeneza.

Kabla ya reli haikuwa hivyo. Nyumba ya kijijini ilikuwa ya miti, udongo na majani. Haikudumu miaka mingi, lakini mwenyewe alijua kila kitu chake: mti upi mchwa hauli, majani yanakatwa wakati gani, ukuta unapakwa lini. Kazi ilifanywa na ndugu na majirani wakati wa kiangazi, na malipo yalikuwa chakula, pombe, na wewe pia kwenda kwao siku yao ikifika. Hapo mzee wetu ana haki: karatasi ya nini, kama wote mtaonana kesho na kesho kutwa?

Halafu ikaja reli. Kampuni ya BCK iliundwa 1906. Chuma ilifika Bukama 1918, na 1928 njia ya kutoka Bukama kupita Kamina hadi Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo, ilifunguliwa. Miaka ile ile, upande wa Elisabethville, Union Minière ilianza kuwataka wafanyakazi waje na wake na watoto, ili wasirudi vijijini kila baada ya miezi michache. Makampuni yakajenga kambi. Kamina pia ikawa mji wa reli, na baadaye, kuanzia mwaka 1949, Wabelgiji walijenga kituo kikubwa cha kijeshi nje ya mji, kile tunachoita mpaka leo Baze. Mwaka 1956 njia ya kwenda Kabalo ikakamilika, na Kamina ikawa njia panda.

Kazi hizo zilifundisha watu wengi ufundi wa matofali ya kuchoma, simenti, nivo na kamba ya kupimia. Kuna masoni wa leo ambao ufundi wao ulitoka kwa babu aliyejifunza kwenye shantie kama hizo. Hilo ni jambo zuri. Lakini nyumba ya kambi ilifuata kazi. Manjanja yakivuja, unaenda kusema kwa kampuni, na kampuni inatuma watu wake. Ukiacha kazi, unaacha nyumba. Mtu aliweza kulala chini ya manjanja yale miaka ishirini bila kujua bei ya msumari mmoja.

Uhuru ulibadilisha wenye ofisi, lakini desturi ilibaki. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema ardhi yote ni mali ya Serikali. Raia anapata haki ya kuitumia kwa mkataba, na anayepewa parseli anatakiwa kuitengeneza. Kwa hiyo nyumba yenyewe, ukuta na manjanja, ndiyo ikawa ushuhuda wa mtu kwamba mahali pale ni pake. Mwaka 1974 reli zote zilikusanywa katika kampuni moja ya Serikali, ambayo leo ni SNCC. Lakini miaka ya 80 na 90 nguvu zilikwisha. Mishahara ilianza kuchelewa, mwezi mmoja, miwili, halafu miezi isiyohesabika. Hapakuwa tena na mtu wa kutumwa manjanja yakivuja.

Kisha ikaja miaka ambayo wengi wetu tunaijua kwa miguu yetu. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika miji ya Katanga, na wengi walipita Kamina kwa treni, juu ya mizigo yao, kwenye njia ile ile ya 1928. Nyumba walizoziacha hazikubaki tupu. Vita vya 1998 vikafuata. Baadaye, 2005 na 2006, mapigano ya jeshi na Mai-Mai yalitoa vijiji vingi vya upande wa Mitwaba na Malemba-Nkulu. Watu walikimbilia Bukama, na wengine walijificha kwenye visiwa vya majani katika ziwa Upemba. Mwezi wa tano 2006 Gédéon alijisalimisha Mitwaba, na kurudi kukaanza polepole.

Mtu aliyerudi alikuta nini? Ukuta bila mlango. Mlango uliogeuka kuni. Manjanja juu ya nyumba ya mtu mwingine. Na majirani wa zamani wa kusaidiana, wengine wamekufa, wengine wako Lubumbashi. Kwa hiyo akatafuta masoni wa kulipa. Kwa familia nyingi hiyo ilikuwa mara ya kwanza katika vizazi vitatu kusimamia kazi ya nyumba yao kwa pesa. Nani aliwafundisha? Hakuna.

Halafu tukafika sisi, mashirika na mashirikisho, na pesa za wafadhili. Na bila kutaka tukashika kiti cha kampuni. Tulichagua masoni. Tulikubali bei. Tulipanga tarehe. Mama alisaini tu mahali tulipomwonyesha kwamba amepokea msaada. Masoni alipopotea, mama hakuwa na nguvu ya kumwita, kwa sababu masoni hakupatana naye.

Tumeongea na huyo masoni pia. Alirudi, na mwezi wa kumi na moja alimaliza kazi. Alisema ukweli wake: avansi yetu aliinunulia mbao za nyumba nyingine, kwa sababu mwenye nyumba ile hakumlipa, na malipo yetu ya pili yalichelewa wiki tano. Masoni wa Kamina anashika shantie tatu kwa pamoja maana hajui ipi italipa. Hatusemi alifanya vizuri. Tunasema kuchelewa kwake kulianza pia mezani kwetu.

Sasa tunarudi kwa mzee na karatasi yake. Mikataba katika nchi yetu bado inaongozwa na dekreti ya tarehe 30 Julai 1888. Kifungu cha 33 kinasema mapatano yaliyofanywa kihalali ni sheria kwa wale walioyafanya. Sikilizeni vizuri: kwa wale walioyafanya. Sheria hiyo ya kikoloni haikutungwa kwa ajili ya mama wa matofali mabichi, lakini leo inaweza kumlinda, kama jina lake liko kwenye karatasi. Zamani jirani alibanwa na kesho, kwa sababu kesho mlikutana. Masoni wa kulipa hana kesho hiyo na wewe, na karatasi inachukua nafasi yake.

Kwa hiyo kuanzia msimu huu tunafanya hivi. Mwenye nyumba anachagua masoni, na yeye ndiye anapatana na kusaini. Sisi tunasaini kama mashahidi. Mbao, simenti na manjanja vinanunuliwa kwanza na vinalala kwa mwenye nyumba. Manjanja ya zamani hayavuliwi kama mapya hayajafika kwenye parseli. Malipo yanafuata kazi iliyoonekana: ukuta, mbao za juu, manjanja, sakafu. Chumba kimoja kinaachwa bila kuguswa mpaka kingine kiweze kulaliwa, maana familia haina mahali pengine pa kwenda. Na kwa asiyejua kusoma, karatasi inasomwa kwa sauti mbele ya masoni, kwa lugha ya nyumbani.

Kwa wafadhili tuna ombi moja. Kiangazi chetu kinaanza mwezi wa tano na kinaisha mwezi wa tisa. Matofali yanachomwa wakati huo, barabara zinapitika, na nyumba inaweza kuvuliwa bila hofu. Pesa ya manjanja ikifika mwezi wa kumi, inatukuta na mawingu. Tunajua mwaka wenu wa hesabu una utaratibu wake. Tunaomba utaratibu huo uangalie pia mvua ya Kamina.

Mama yule alijengewa ukuta mpya. Mwezi uliopita alituita tena: anataka kuongeza baraza, kwa pesa ya mihogo yake. Masoni amemchagua mwenyewe, kijana wa mtaa wa pili. Alitaka kitu kimoja tu kutoka kwetu: tuje kushuhudia, na tulete kalamu.