Kiti mwendo cha umeme Tunduma: jinsi ya kupita salama kati ya malori, mitaro na vilima

Kama umewahi kufika Tunduma, foleni ya malori unaijua. Barabara kuu ya TANZAM inayotoka Dar es Salaam inapita hapa kabla ya kuingia Nakonde, Zambia, na hata baada ya kituo cha pamoja cha mpakani kuzinduliwa Oktoba 2019, malori bado ni mengi. Katikati yake wanapita bodaboda, bajaji, wasukuma mikokoteni, wabadilisha fedha, na watu wanaotumia viti mwendo.

Kiti mwendo cha umeme kinampa mtu uhuru wa kwenda mwenyewe sokoni, benki au mpakani bila kusubiri wa kumsukuma. Shida ni kwamba vingi vimetengenezwa kwa ajili ya njia laini za waenda kwa miguu, na huku hizo ni chache.

Anza na suala la kuonekana, maana ndilo linaloua. Ukiwa umekaa, kichwa chako kipo kama mita 1.3 tu kutoka chini. Dereva wa lori macho yake yapo zaidi ya mita 2, na mbele kabisa ya lori, chini ya kioo chake, kuna eneo asiloliona. Pembeni na nyuma ni hivyo hivyo. Kwa hiyo lori linalokwenda kasi siyo hatari pekee. Lililosimama kwenye foleni linaweza kuwa baya zaidi, kwa sababu unaliona limetulia, unaamua kukatiza mbele yake, na hapo hapo foleni inasogea mita tatu.

Usipite katikati ya malori mawili yaliyosimama, hata kama wenzako wanaotembea wanapita. Wao wanaweza kuruka pembeni, kiti hakiruki. Zunguka hadi kwenye zebra au sehemu yenye uwazi. Ukilazimika kupita karibu na lori, mtafute dereva kwa macho. Kama uso wake huuoni, hesabu kwamba na yeye hakuoni. Ukimwona utingo, mwombe amwambie dereva asubiri. Wala usione aibu.

Funga nyuma ya kiti fimbo nyembamba yenye kibendera cha rangi kali, kipite juu ya kichwa chako. Kizibao cha riflekta kama cha bodaboda kinasaidia jioni, lakini mgongo wa kiti hukifunika kwa nyuma, hivyo bandika riflekta kwenye kiti chenyewe pia.

Pasipo na njia ya waenda kwa miguu, kaa pembeni kabisa upande wa kulia ili uyaone magari yanayokuja. Tanzania na Zambia zote magari yanapita kushoto, kwa hiyo ukivuka kwenda Nakonde utaratibu haubadiliki. Ila kama unaendesha bajaji iliyobadilishwa kwa ajili ya mtu mwenye ulemavu, hayo hayakuhusu. Bajaji ni chombo cha moto: inapita kushoto, inahitaji usajili, bima na leseni.

Sasa vilima. Kiti kingi cha umeme, ukiachia kishikio cha kuendeshea, breki inajifunga yenyewe. Lakini kuna kiwiko, kwa kawaida karibu na mota, kinachoziachanisha mota na magurudumu ili kiti kiweze kusukumwa chaji ikiisha. Kikiwa wazi, breki hiyo haipo. Usikifungue ukiwa kwenye mteremko bila mtu mwenye nguvu kukishikilia kiti, na mkishamaliza kusukuma kirudishe kabla hujamruhusu aondoke. Mlima upande ukiwa umenyooka. Kukata mteremko kwa ubavu ndiko kunakopindua kiti. Reli ya TAZARA nayo uikate moja kwa moja, maana ukipita kwa mshazari vigurudumu vya mbele vinageuka na kunasa. Kwenye mitaro iliyofunikwa kwa mbao, mtangulize mtu aikanyage kwanza.

Wasamaria wema ni wengi, Mungu awabariki, ila wanaponyanyua hushika sehemu za kuwekea mikono. Nyingi zinachomoka. Kiti na betri zake kinaweza kufika kilo 50 hadi 100 na zaidi, bado wewe mwenyewe. Waambie mapema washike fremu, na uzime kiti kwanza, maana kiwiko cha mkono kikigusa kishikio kiti kinaondoka.

Mvua ikianza Novemba, funika kishikio kwa mfuko mwepesi wa plastiki. Maji yakiingia pale, kiti kinaweza kugoma katikati ya barabara. Ukikuta dimbwi usilolijua kina, zunguka.

Betri ichajiwe usiku kucha inapowezekana, na isiachwe iishe kabisa. Baridi ya Juni na Julai hupunguza umbali, hivyo usipige hesabu ya safari kwa ulivyoenda Desemba. Pia vilima na vumbi vinakula chaji kuliko kitabu cha kiti kinavyosema. Mshale ukifika nusu, geuza kurudi. Betri za asidi hutoa gesi inayoweza kulipuka wakati wa kuchaji, kwa hiyo fungua dirisha na jiko la mkaa liwe mbali. Fundi wa kuchomelea akitaka kuunga fremu, achomoe betri kwanza.

Ukipata ajali, namba ya dharura ya polisi ni 112.

Kwa anayetafuta chombo cha kufanyia biashara, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 2 kati ya hizo ni ya watu wenye ulemavu. Ulizia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako.