Asili na Taratibu za Harambee Katika Nchi ya Majani ya Chai



Kusaidiana hakukuja Kericho pamoja na majani ya chai. Kabla makampuni hayajaanza kupanda chai hapa katika miaka ya 1920, watu wa kokwet moja walilimiana mashamba, na mwenye shamba aliwaandalia chakula na pombe. Hesabu haikuandikwa, kwa kuwa deni lilikuwa kazi, na kila mtu aliiona kwa macho yake.

Mwaka 1963 Mzee Jomo Kenyatta aliifanya Harambee kuwa mwito wa taifa. Tangu hapo fedha zikaungana na kazi ya mikono. Shule na zahanati zikajengwa kwa michango ya hadhara. Lakini fedha, si kama jembe, huweza kufichwa mfukoni. Wakubwa wakashindana kutoa mbele ya watu, na penginepo maskini wakalazimishwa. Ndipo sheria ya mwaka 2003 ikawakataza watumishi wa serikali kutumia vyeo vyao kuchangisha.

Basi twajifunza nini? Kwamba mchango huandaliwa kabla ya siku yake. Halmashauri ichaguliwe mapema na kibali kipatikane. Tarehe ifuate malipo ya majani, wala isiangukie majira ya karo. Mwenye kuhesabu asiwe mtunza hazina. Kila shilingi iandikiwe stakabadhi, na ahadi zitengwe na fedha taslimu. Kisha gharama za hema na chakula zisomwe hadharani pamoja na mapato. Mgeni wa heshima huondoka jioni; daftari hubaki nasi.