Gurudumu la Mti na Injini Mgeni: Tarehe ya Uchukuzi katika Njia ya Kashebere

Kashebere iko mpakani mwa Masisi na Walikale, katika jimbo la Kivu ya Kaskazini, pale ambapo milima ya malisho na mashamba inaanza kuushukia msitu mkubwa unaoenea hata mto Kongo. Atokaye Goma kwa njia ya Sake, Masisi na Nyabiondo hana budi kuteremka, na arudiye hana budi kupanda. Na katika kupanda na kuteremka huko, juu ya udongo ambao mvua huugeuza utelezi kwa saa moja, ndimo ilimo tarehe yote ya uchukuzi wa nchi hii. Aghalabu wenye kuandika habari za pande hizi huandika vita na madini tu, kana kwamba watu wake hawakupata kubuni kitu. Mimi naona kwamba sanaa yao ya kuvipa vyuma na mipira iliyochakaa kazi nyingine, ambayo aliyevitengeneza hakuikusudia, yastahili kuandikwa kwa heshima ile ile wanayopewa wahandisi wa mataifa tajiri.

Zamani chombo cha safari kilikuwa ni kichwa, bega na mgongo wa mwanadamu. Mjerumani Gustav Adolf von Götzen, aliyeanza msafara wake Pangani mwishoni mwa mwaka 1893, alifika nchi ya ziwa Kivu mwaka 1894, akaupanda mlima wa moto wa Nyiragongo, kisha akauingia msitu wa magharibi hata akatokea mto Kongo. Na mahema yake, chakula chake na vyombo vyake vya elimu vilikuwa juu ya wapagazi, ambao vitabu vya safari huwahesabu kwa jumla na kuwataja kwa majina kwa nadra sana. Kiswahili chenyewe kiliingia Kongo ya mashariki kwa nyayo hizo hizo, pamoja na misafara ya pembe na watumwa iliyokuwa na vituo vyake Nyangwe na Kasongo.

Wabelgiji walipokuja kuitawala nchi, walifungua mashamba ya kahawa, chai na mikwinini katika milima ya Masisi, na barabara zikachimbwa kwa nguvu za wenyeji ili malori yaweze kuyafikia. Malori yalipunguza mizigo mabegani, lakini yalikuwa mali ya wachache, na uhai wake ulitegemea vipuri vya kuagiza ng'ambo. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba mashamba na biashara za wageni zitiwe mikononi mwa raia. Wengi waliozipokea hawakuwa na ujuzi wala nia ya kuziendesha, fedha ya Zaire ikaporomoka, vipuri vikaadimika, barabara zikaachwa kwa mvua. Ni katika miaka hiyo ya 1970 chukudu ilipoenea nchini, na sidhani kwamba wakati huo ulitokea kwa sadfa: gari liliposhindwa, fundi seremala alishika kazi.

Kwa msomaji wa pwani ambaye hajaiona, chukudu ni chombo cha mbao cha magurudumu mawili, chenye urefu wa mita mbili hivi, hakina injini, hakina kanyagio, hakina mnyororo. Bamba lake refu la kubebea mzigo huchongwa aghalabu kwa mkalitusi, mti ulioletwa na wageni na ambao leo umeivika milima ya Masisi. Magurudumu hutakiwa yawe ya mti mgumu zaidi, na mafundi huusifu sana mti uitwao mumba. Gurudumu likisha kuchongwa kwa panga na tezo hata likaviringana, huvikwa ukanda wa mpira uliokatwa katika tairi kuukuu la gari na kupigiliwa misumari, ili lisipasuke mawe ya volkano yanapoligonga. Katikati, mwenye uwezo hutia beringi iliyotolewa katika gari bovu, na asiye na uwezo huridhika na mti kusuguana na mti, akiupaka mafuta kila mara. Breki nayo ni kipande cha tairi kilichofungwa juu ya gurudumu la nyuma: mwendeshaji hukikanyaga kwa kisigino, mpira ukaukaba mpira.

Mwendeshaji hupiga goti moja juu ya bamba, penye kipande cha kandambili au sifongo cha kulihifadhi, na kwa mguu wa pili huisukuma ardhi nyuma yake. Akifika mteremko husimama na kuiacha ishuke, amebeba viazi, kabichi, ndizi, mbao au magunia ya makala, yaani mkaa, yenye uzito wa mamia ya kilo. Kupanda ni adhabu, maana hapo huisukuma kwa kifua, na mara nyingi hukodi kijana wa kumsaidia. Hata hivyo kwa chombo hicho wapo waliojenga nyumba na kusomesha watoto.

Sanaa hii ya kuvipa vyuma vilivyochakaa kazi mpya ina ndugu zake katika nchi za baridi. Huko Valcourt, jimbo la Québec nchini Kanada, Joseph-Armand Bombardier alitoa mwaka 1959 chombo kidogo cha kwendea thelujini kilichoitwa Ski-Doo, na baadaye injini zake zikaja kutoka kiwanda cha Rotax cha Austria. Nyingi katika injini hizo za zamani zilikuwa za mipigo miwili, nyepesi kwa uzito na kali kwa nguvu, nazo hupeleka mwendo kwa ukanda na puli zinazojipanua na kujibana zenyewe, bila mwendeshaji kubadili gia. Kwa sababu hiyo, chombo kikichakaa, watu wenye karakana nyumbani huing'oa injini na kuifunga katika fremu ya mabomba waliyoichomea wenyewe, wakapata kigari cha kukimbilia mchangani na vichakani. Mmarekani Bruce Meyers alitangulia katika njia iliyo jirani na hiyo mwaka 1964, alipotia viungo vya Volkswagen katika bodi ya faibaglasi aliyoibuni California. Lakini kila kiungo hukumbuka kwao: baadhi ya injini za thelujini hupozwa na theluji yenyewe inayorushwa chini ya chombo, na zikihamishiwa nchi kavu bila kutiwa rejeta huchemka na kuungua. Fundi wa Québec na fundi wa Masisi wameulizwa swali moja, nalo ni hili: kitu hiki kilizoea nini, na mimi nitakipatiaje huku?

Je, mbona chukudu haikutiwa injini ikaishia hapo? Nadhani jibu limo katika breki. Kipande cha tairi kilichokanyagwa na kisigino hakiwezi kuzuia mwendo wa mashine yenye uzito, na gurudumu la mti halistahimili nguvu ya mnyororo kwa muda mrefu. Kumtia mgeni huyo, yaani injini, ni kubadili kila kitu, hata isibaki chukudu. Zaidi ya hayo, mteremko hautozi bei, na petroli hutozwa kwa fedha taslimu. Injini iliingia kwa mlango mwingine: injini za dizeli za silinda moja zikasaga mihogo na kuvuta maji, kisha pikipiki za Uhindi na Uchina zikatwaa abiria na mizigo mepesi.

Msituni, upande wa Walikale, hata pikipiki ilishindwa mahali pengi. Mawe ya bati yalipoanza kuchimbwa Bisie mwanzoni mwa karne hii, yalitoka mgodini kwa migongo ya watu, kilo 50 kwa kila mtu, kwa mwendo wa siku mbili hivi hata Njingala, na kutoka hapo yakapelekwa katika kipande cha barabara ya lami ambacho ndege ndogo zilikifanya kiwanja, zikayachukua hadi Goma. Mpagazi wa zama za Götzen hakuwa amestaafu. Alikuwa akiwabebea wenye viwanda vya simu na kompyuta.

Goma wamemjengea mwendesha chukudu sanamu ya rangi ya dhahabu, na wamefanya haki. Lakini seremala aliyeichonga chukudu yenyewe, na yule aliyefikiri kwanza kulivika gurudumu tairi lililotupwa, hawana ukumbusho, na wazee waliokuwa vijana katika miaka ya 1970 wanatoweka. Walimu na wanafunzi wa Masisi na Walikale, nawasihini mwende katika karakana za pembeni mwa njia na madaftari yenu, mwaulize mafundi hao walijifunza kwa nani, mti upi ulikuwa bora na kwa nini, na nani aliweka beringi ya kwanza. Myaandike majina yao wangali hai.