Kiwanda Huanzia Shambani: Historia Fupi ya Korosho za Kusini



Katika mkutano wetu uliopita ilitolewa hoja kwamba chama chetu kichangishe fedha, kikope kiasi kitakachopungua, na kujenga kiwanda kidogo cha kubangua korosho katika wilaya ilipo shule yetu. Hoja hiyo ilipigiwa makofi mengi, na uamuzi utatolewa katika mkutano ujao. Mhariri ameniomba makala ya historia, nami nimefundisha somo hilo kwa sehemu kubwa ya maisha yangu. Nimeona basi nieleze yaliyowapata waliotutangulia katika jambo hili. Si nia yangu kumvunja mtu moyo. Nataka tupige kura hali tukijua njia hii imepitwa na akina nani, na wapi walikwama.

Tuanze na karanga. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, iliyokuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula baada ya Vita Kuu ya Pili, ilianzisha mpango wa kulima karanga katika Tanganyika. Zilitajwa ekari milioni tatu na zaidi. Matrekta yaliletwa, mengine yakiwa yametumika jeshini, na kazi ikaanzia Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Kwa ajili ya Nachingwea ilijengwa reli, na ikaanza kujengwa bandari ya kina kirefu huko Mtwara. Lakini mvua za Kongwa hazikutosha, udongo wake ulikauka ukawa mgumu kama saruji, na mashine zilivunjika upesi kuliko zilivyoweza kutengenezwa. Mwanzoni mwa mwaka 1951 mpango ulivunjwa, na pauni zipatazo milioni 36 zilikuwa zimepotea. Bandari ya Mtwara ilikamilika mwaka 1954, yaani baada ya zao lililoijengea kwisha kufa. Reli nayo iling'olewa mapema katika miaka ya 1960.

Sasa tazameni jambo la ajabu. Katika miaka ile ile, pasipo mpango mkubwa wala matrekta, wakulima wadogo wa Newala, Masasi, Mtwara, Lindi na Tunduru walikuwa wakipanda mikorosho. Mti huu asili yake ni Brazili, nao uliletwa na Wareno katika karne ya 16. Hustahimili udongo wa kichanga, na mkulima aliweza kuupanda katikati ya mihogo na mtama bila kuacha chakula chake. Mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili nchi iliuza tani elfu chache tu. Msimu wa 1973/74 zilipatikana tani zipatazo 145,000. Maendeleo hayo yaliletwa na jembe la mkono, na bei iliyomfanya mkulima aone faida ya kupalilia.

Hata hivyo korosho karibu zote zilikwenda India zikiwa ghafi. Huko, hasa katika mji wa Kollam, jimbo la Kerala, maelfu ya wanawake walizibangua kwa mikono, kisha zikauzwa Marekani na Ulaya. Wengi wetu tuliosoma miaka ya 1970 tunakumbuka kuokota korosho katika shamba la shule, kama sehemu ya elimu ya kujitegemea, na kuona magunia yakipakiwa katika malori. Swali letu wakati ule lilikuwa la haki kabisa: kwa nini tupeleke kazi ng'ambo pamoja na korosho?

Serikali nayo iliuliza swali hilo. Kiwanda cha kwanza kikubwa kilijengwa Dar es Salaam katika miaka ya 1960. Baadaye, kwa mikopo ya Benki ya Dunia na misaada ya nje, vikajengwa vingine, vyenye mitambo ya Kitaliani na ya Kijapani. Vyote pamoja vilifika 12, na vingi viliwekwa Kusini: Mtwara, Lindi, Newala, Masasi, Nachingwea, Mtama na Tunduru. Uwezo wake ulizidi tani 100,000 kwa mwaka. Ramani ilipendeza, maana kila wilaya iliyokuwa nyuma ilipata kiwanda chake.

Lakini wakati kuta zikipanda, mikorosho ilikuwa ikiachwa. Katika operesheni ya vijiji wakulima wengi walihamishwa wakakaa mbali na miti yao. Mikorosho ikamezwa na vichaka, na moto wa nyika ukaiteketeza. Bei aliyolipwa mkulima ilizidi kupungua thamani, ilhali gharama za shirika la umma lililonunua zao zilizidi kuongezeka. Vyama vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976. Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1970, ukaingia ugonjwa wa ubwiriunga, ule unga mweupe unaokausha maua kabla hayajazaa. Kufikia msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Ndugu zangu, hesabu hii haihitaji mwalimu: viwanda vya kubangua zaidi ya tani 100,000, na korosho zisizofika tani 20,000!

Na hata kama korosho zingalikuwapo, mitambo ile ilikuwa na ila yake. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza ngozi, na ndani yake mna punje laini inayovunjika upesi. Katika biashara, punje nzima nyeupe ndiyo yenye bei. Daraja linaloitwa W320, kwa mfano, maana yake ni kwamba punje nzima zipatazo 320 zinatimiza ratili moja. Zikivunjika, bei hushuka sana. Mitambo ile ilivunja punje nyingi kuliko mikono ya akina mama wa Kollam. Vipuri vyake vilihitaji fedha za kigeni, nazo zilikuwa adimu mno baada ya vita vya Uganda vya mwaka 1979 na kupanda kwa bei ya mafuta. Viwanda vikafungwa kimoja baada ya kingine. Baadaye vilibinafsishwa, lakini baadhi yake vimetumika kama maghala tu.

Mtu asidhani kwamba yalitupata sisi peke yetu. Jirani zetu wa Msumbiji walikuwa mbele yetu kwa korosho mwanzoni mwa miaka ya 1970, na viwanda vyao vikubwa viliajiri maelfu ya watu. Vita viliharibu kilimo chao. Halafu, katikati ya miaka ya 1990, chini ya masharti ya Benki ya Dunia, ushuru wa kusafirisha korosho ghafi ulipunguzwa, na viwanda vilivyokuwa vimeuzwa kwa watu binafsi vikafungwa, wafanyakazi wakabaki bila kazi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 walianza upya kwa viwanda vidogo, vilivyotumia mikono zaidi na kusimama karibu na mashamba.

Upande wetu, kilimo kilifufuka baada ya biashara kufunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Watafiti wa Naliendele walionyesha kwamba salfa ikipulizwa kwa wakati huzuia ubwiriunga, na bei ilipopanda wakulima waliinunua. Daraja la Mkapa katika mto Rufiji, lililofunguliwa mwaka 2003, liliondoa adha ya kungoja kivuko. Mwaka 2007 ulianza mfumo wa stakabadhi ghalani, ambapo korosho hukusanywa na vyama vya msingi na kuuzwa kwa mnada. Msimu wa 2017/18 mavuno yalizidi tani 300,000, maradufu ya kilele cha zamani. Mwaka uliofuata bei za mnada ziliposhuka na wakulima wakagoma kuuza, serikali iliamua kuzinunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya jeshi yakazibeba. Lakini sehemu kubwa ya mavuno imeendelea kupakiwa melini ikiwa ghafi, kwenda India na Vietnam.

Historia hii inatufundisha nini kuhusu hoja yetu? Mimi naona kwamba jengo na mashine ndiyo sehemu nyepesi. Kiwanda huanzia shambani, kwa mkulima anayeamua kama atapalilia au ataacha. Kiwanda kinachotegemea kumlipa mkulima bei ndogo kinajichimbia kaburi.

Pili, korosho huvunwa kwa miezi michache tu, kuanzia Oktoba hivi. Kiwanda kinachotaka kufanya kazi mwaka mzima hakina budi kununua akiba yote katika msimu huo, kwenye mnada, kikishindana na wanunuzi wakubwa wenye mikopo nafuu ya ng'ambo. Fedha ya akiba hiyo yaweza kuzidi fedha ya jengo. Katika hoja yetu nimesikia habari za jengo, lakini habari za akiba sikuzisikia.

Tatu, kilo nne au tano za korosho ghafi hutoa kilo moja tu ya punje. Faida yote imo katika punje nzima, na punje nzima hutoka katika mikono iliyofundishwa na kulipwa vizuri. Vietnam imeyashinda mataifa mengine kwa mashine nzuri na kwa kununua korosho za Afrika kwa wingi, hata zetu. Hatuwezi kushindana nayo kwa wingi. Twaweza kushindana kwa ubora, kwa kuwa karibu na mti, na kwa kupata mnunuzi kabla ya kubangua.

Pendekezo langu ni hili. Kabla ya kupiga kura, tuchague wenzetu watatu waende wakaketi na viongozi wa vyama vya msingi vya wilaya ile, na akina mama ambao tayari wanabangua majumbani. Waulize wanauza tani ngapi, kwa bei gani, na kama wako tayari kuwa wenye hisa pamoja nasi. Tuanze na msimu mmoja, kwa tani ambazo tunaweza kuzilipia taslimu, hata katika ghala la kukodi. Ikiwa hesabu itakubali, tujenge.

Wazee walisema, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Wilaya zile zimeona watu wengi wakivua nguo, kisha wakaondoka wakiacha reli na majengo. Sisi tulilishwa na kusomeshwa na wakulima wa pale. Tuupime mto kwanza, ili tukiingia tuvuke nao.