Viti 22 na Serikali Isiyopatikana: Zanzibar, 1961

Katika nyumba zetu, Maskati na London vile vile, mazungumzo ya chaguzi za Zanzibar aghalabu huanza na swali: nani alishinda? Swali hilo halitoshi. Katika utawala wa bunge, serikali hupewa anayeweza kuungwa mkono barazani na zaidi ya nusu ya wajumbe, hata kama chama chake hakikuongoza kwa viti. Januari 1961 Balozi wa Kiingereza, Sir George Mooring, alimtafuta mtu huyo asimpate.

Majimbo yalikuwa 22, idadi shufwa, na hapo ndipo palipokuwa na kosa. ASP walipata viti 10, Hizbu 9, na ZPPP 3, vyote vya Pemba. Kiti cha Chake Chake ASP walikipata kwa kura moja tu. Basi macho yote yakawageukia wale watatu wa ZPPP, chama kilichojitenga na ASP mwaka 1959. Sheikh Muhammad Shamte na mwenzake mmoja wakaenda na Hizbu. Ali Sharif Musa akaenda na ASP. Ikawa 11 kwa 11.

Ikaundwa serikali ya muda, likaongezwa jimbo la 23, na watu wakarudi kupiga kura tarehe 1 Juni. Safari hii Hizbu na ZPPP walikuwa wameshafungamana kabla ya uchaguzi. Matokeo: ASP 10, Hizbu 10, ZPPP 3. Kumi na tatu zikatosha, na Shamte, kiongozi wa chama kidogo kuliko vyote, akawa Waziri Kiongozi. Lakini fujo zilizoanza siku ile ya kura ziliua watu 68.

Julai 1963 mambo yakajirudia kwa ukali zaidi: ASP walipata takriban asilimia 54 ya kura, lakini viti 13 kati ya 31. Muungano ulikuwa na 18.

Sisi tuliolelewa upande wa Hizbu tumezoea kusema kwamba 18 ni zaidi ya 13, na kisheria ni kweli tupu. Ila sijapata kumsikia mzee yeyote kwetu akieleza yule aliyepiga kura pamoja na walio wengi, mara akaambiwa ameshindwa, alirudi nyumbani na moyo gani. Uhuru ulikuja tarehe 10 Disemba. Mapinduzi, tarehe 12 Januari.